Merikebu Iliyochomwa Mtang'ata

Aprili 1498, kabla hakujapambazuka, merikebu ya Wareno iitwayo São Rafael ilikwama fungu la mbele ya Mtang'ata, kusini ya Tanga. Ilipokuwa bado imekwama zilifika mashua mbili za wenyeji, moja imesheheni machungwa, na mmoja wa watu wa Vasco da Gama akaandika kuwa ni bora kuliko ya Ureno. Mimi mtu wa Muheza, kwenye machungwa mengi. Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Milima iliyoonekana kwa mbali, hii Usambara yetu, wageni waliipa jina la merikebu yao. Januari 1499 walipita tena wakitoka India. Kiseyeye kilikuwa kimewamaliza, waliobaki hawatoshi kuendesha merikebu tatu, basi wakahamisha shehena ya São Rafael na kuitia moto hapo hapo. Wenyeji waliwaletea kuku, wakalipwa mashati na vikuku. Sidhani kama kuna aliyerudi nyumbani siku hiyo akijiona ameonewa.

Uonevu ulikuja 1505. Mreno Francisco de Almeida aliipora Kilwa mwezi wa Julai, na Agosti akaichoma Mombasa. Mwaka huo huo Wareno wakajenga ngome Sofala, ilikoshukia dhahabu iliyoitajirisha Kilwa. Biashara yenyewe hawakuileta wao. Nguo za Gujarat, pembe na dhahabu vilikuwa vikisafirishwa kwa kusi na kaskazi karne nyingi kabla yao. Walichotaka ni kukaa mlangoni: chombo kitembee na hati yao na kilipe ushuru kwao, na kisicho na hati kikamatwe.

Lakini shuleni tulifundishwa habari za Wareno kana kwamba waliingia, wakatesa, wakaondoka. Kwangu mimi kubwa kuliko yote ni walivyomgeuza jirani yetu wa ng'ambo. Maimamu wa Oman wa wakati ule kitovu chao kilikuwa bara, kwenye mitende na mifereji ya maji, huku Maskati ikiwa mikononi mwa Wareno tangu 1507. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif akaitwaa, na pamoja na mji akapata merikebu za adui zilizokuwamo bandarini. Toka hapo Oman ikawa na jeshi la majini lenye merikebu na mizinga ya namna ya Kizungu. Waswahili waliochoshwa na Wareno wakaomba msaada huko huko. Ngome ya Mombasa ilizingirwa Machi 1696, ikaanguka Desemba 1698. Ile dola ambayo baadaye iliweka maliwali wake Tanga na Pangani ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mwanafunzi wa Mreno.

Karne ya 19 mkono wa biashara ya dunia ukapanda mpaka mlimani. Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Merikani, ile nguo ya pamba, ikajaa madukani Unguja, na pembe zikaenda kutengeneza vibao vya piano na mipira ya biliadi. Vuga, makao makuu ya Usambara, alikuwako mfalme Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Wakilindi, ambaye watu walimheshimu kwa nguvu zake za mvua na ambaye himaya yake ilishuka hadi pwani. Huku Mrima yeye na Sultani walivumiliana, kila mmoja na watu wake.

Semboja, mwana wa Kimweri, alichagua kukaa Mazinde, chini kabisa, penye njia ya misafara ya kutoka Pangani. Ukipita leo kwa basi la Moshi, baada ya Mombo, utaona mkonge tu na pengine usigeuze shingo. Hapo Semboja aliuza pembe na, tusifiche, aliuza watu pia. Alichokipata ni bunduki na baruti, vitu ambavyo Vuga, pamoja na mizimu na mvua zake, haikuwa navyo vya kutosha. Kimweri alifariki 1862, akarithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Semboja akampiga na kumfukuza. Kisha akamweka mwanawe akalie kiti cha Vuga, na yeye mwenyewe akabaki Mazinde.