Pikapu Kuukuu Imekosa Nguvu? Soma Plagi Kabla ya Kununua Chochote

Leo tunaweka kando mbolea na viuatilifu, tunafungua boneti. Sababu ni ya kibiashara: usafiri unakula faida, na vijana wengi mnaolima viazi, nyanya na parachichi kule Iringa, Mafinga na Njombe mnanunua pikapu iliyotumika mara tu mnapopata hela ya kwanza ya maana. Ukiijaribu Dar es Salaam iko vizuri tu. Ikifika juu na kupakiwa magunia, inaanza: inamisi mlimani, inatoa moshi mweusi, mafuta yanakata kabla ya safari kuisha.

Hapo kila mtu anakuwa fundi. Weka plagi za iridiamu. Toa chujio la hewa. Funga sailensa kubwa. Toa thamostati. Ukifuata yote, hela ya mbegu ya msimu ujao imeishia gereji na gari bado linachoka.

Ushauri wangu ni mmoja: usinunue nguvu kabla hujajua nguvu uliyonayo imepotelea wapi. Kitu cha kukuonyesha hilo ni plagi yenyewe. (Nazungumzia injini za petroli. Hilux za dizeli kama 2L na 3L hazina plagi za cheche, zina plagi za kupasha joto tu, na matatizo yake ni mengine.)

Plagi inasema nini

Endesha gari kwa mwendo wa kawaida, likiwa na mzigo, kisha lipumzishe mpaka injini ipoe. Toa plagi zote, zipange kwa mpangilio wa silinda zake, halafu angalia ncha.

- Kahawia hafifu au kijivu: injini inaunguza vizuri. Plagi yako ni sahihi.
- Nyeusi yenye masizi makavu: mafuta yanazidi hewa, au cheche ni dhaifu. Angalia chujio la hewa, choki na kabureta.
- Imelowa oili: oili inapita kwenye ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi mpya hapa ni plasta juu ya kidonda.
- Nyeupe, yenye malengelenge au ncha iliyoyeyuka: injini inazidi joto. Hewa inazidi mafuta, taimingi imewahi mno, au plagi ni ya moto kupita kiasi. Usipakie mzigo mpaka ujue sababu, maana kinachofuata kuyeyuka ni pistoni.

Kama plagi moja tu ina sura tofauti na wenzake, tatizo liko kwenye silinda hiyo au waya wake. Zote zikifanana, tafuta kitu kinachohudumia injini nzima.

Kwa nini gari la pwani linachoka juu

Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi, Njombe inakaribia 2,000. Maana yake injini iliyokuwa na nguvu farasi 100 ufukweni, ikifika Njombe inabaki na kama 80. Hakuna plagi itakayokurudishia hizo 20.

Lakini kuna hasara nyingine juu ya hiyo, na hii ndiyo unayoweza kuipunguza. Kabureta iliyosetiwa pwani inaendelea kumwaga mafuta kana kwamba hewa ni ileile. Mafuta yanazidi, plagi zinakuwa nyeusi, gari linamisi. Mwambie fundi asafishe kabureta, aseti mchanganyiko wa sailensi ukiwa hukohuko unakofanyia kazi, na kama bado plagi ni nyeusi, aweke jeti kuu yenye tundu dogo kidogo. Gari ukilihamishia pwani kabisa, lazima jeti ya zamani irudi, la sivyo litachemka. Magari ya EFI kwa sehemu kubwa hujirekebisha yenyewe kadiri unavyopanda.

Kuchagua plagi: namba zina maana

Plagi sahihi ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Tuchukue Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, lita 2.4, ya kabureta. Plagi yake ni NGK BPR5EY, au Denso W16EXR-U, na pengo la milimita 0.8.

Kwenye hiyo BPR5EY, B ni uzi wa milimita 14, P ni ncha iliyochomoza, R ni rezista inayozuia kelele kwenye redio na vifaa vya umeme, na E ni urefu wa uzi, milimita 19. Hiyo 5 ndiyo inayowachanganya wengi: ni kiwango cha joto. Ncha ya plagi inatakiwa ifanye kazi kati ya nyuzi joto 450 hivi, ili iunguze masizi yake, na 870 hivi. Ikizidi hapo, inawasha mafuta yenyewe kabla ya cheche.

Kwa NGK na Denso, namba ikiwa kubwa plagi ni ya baridi zaidi. NGK 5 inalingana na Denso 16, na NGK 6 na Denso 20. Kwa Bosch ni kinyume: namba ikiwa kubwa, plagi ni ya moto zaidi. Kwa hiyo usibadilishe kampuni kwa kukisia dukani, omba jedwali la ulinganisho. Na urefu wa uzi usiubadilishe kamwe: ukizidi, plagi inaweza kugongwa na pistoni.

Iridiamu je? Ni plagi nzuri, inadumu sana na inahitaji umeme mdogo kutoa cheche. Lakini kwenye injini kuukuu yenye mafuta yanayozidi au oili inayopita, itachafuka kama ya kawaida, nawe umelipa mara kadhaa ya bei. Plagi ya nikeli, ukiibadilisha kila kilomita 20,000 hivi, inatosha. Hela iliyobaki nunua waya mpya za plagi na kifuniko cha distribyuta.

Angalia na feki, zipo nyingi. Uzi wenye makwaruzo, ncha iliyokaa upande, maandishi yanayofutika kwa kidole na washa inayochomoka yenyewe ni dalili mbaya. Nunua duka linalokupa risiti.

Kufunga

Injini iwe ya baridi. Puliza vumbi kwanza, lisidondokee ndani ya silinda. Pima pengo kwa fila geji hata kama plagi ni mpya. Anza kufunga kwa mkono mpaka ikae, ndipo utumie spana: plagi mpya yenye washa, nusu mzunguko hadi theluthi mbili. Basi. Kukaza kwa hasira kunaua uzi wa silinda hedi, na hiyo ndiyo gharama kubwa.

Maboresho yanayolipa, kwa mpangilio

1. Pima kompresheni ya kila silinda. Ikiwa moja iko chini, tia oili kidogo ndani na upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, shuku valvu. Kama injini imechoka, sitisha manunuzi mengine yote.
2. Chujio la hewa jipya, la karatasi, saizi yake. Barabara za shamba zina vumbi, likague kila wiki wakati wa kiangazi.
3. Plagi, waya, kifuniko na rota.
4. Seti tapeti. Kwa 22R, injini ikiwa ya moto, ni milimita 0.20 upande wa kuingiza hewa na 0.30 upande wa ekzosti.
5. Kabureta na taimingi, ukiwa eneo lako la kazi.
6. Thamostati nzima na kulanti. Fundi akiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta na kuchakaa haraka.
7. Upepo wa matairi kulingana na mzigo, na breki. Anayeshuka Kitonga na viazi anahitaji breki kuliko nguvu.

Kutoa chujio la hewa ni kulisha pistoni mchanga. Sailensa kubwa kwenye injini ya kawaida inaongeza kelele zaidi ya nguvu. Viache vyote viwili.

Piga hesabu

Tuseme gari lako lilikuwa linakwenda kilomita 8 kwa lita, na baada ya matengenezo linakwenda 10. Safari ya kilomita 200 ilikula lita 25, sasa ni 20. Ukienda sokoni mara mbili kwa wiki, ni lita 10 kila wiki. Zidisha kwa bei ya petroli ya kwenu, halafu kwa wiki za mavuno. Anza daftari leo: kilomita, lita, mzigo. Bila daftari huwezi kujua kama fundi amekusaidia au amekupiga.

Na pampu ya kumwagilia usiisahau. Honda GX160 inatumia NGK BPR6ES, pengo milimita 0.7 hadi 0.8, na plagi yake inasomwa vilevile. Itoe wikiendi hii, iangalie rangi. Ikiwa nyeusi, kagua chujio la hewa kwanza kabla hujalaumu mafuta.

Msimu mwema, na safari salama za sokoni.