Mimea na Ubongo Uliotiwa Sumu (2): Upupu Unaweza Nini?

Julai 1982, mtu wa miaka 42 alifikishwa hospitali huko San Jose, California, akiwa amekauka kama gogo. Hasemi, hageuki, anakodoa macho tu. Daktari William Langston aliziona kwake dalili zote za ugonjwa wa Parkinson uliokomaa, ambao kwa kawaida huchukua miaka mingi kufikia hatua hiyo. Huyu ulimkamata kwa siku chache. Wakafuata wengine, hadi wakatimia sita, wote watumiaji wa unga. Heroini waliyouziwa ilikuwa ya kutengenezwa kwa kemikali, na aliyeipika alikosea, ikazaliwa humo sumu iitwayo MPTP.

Ikifika kwenye ubongo, MPTP hugeuzwa na kimeng'enya kuwa sumu kali zaidi. Sasa tazama msiba ulivyo. Seli zinazotengeneza dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kuongoza mwendo wa mwili, zina mlango wa kuirudisha ndani baada ya kutumika, na mlango huo huidhania sumu kuwa dopamini, ukaipokea. Ikishaingia, huzima mitokondria, ambamo seli hupata nguvu zake, na seli hufa. Mgonjwa anataka kunyanyua kikombe cha chai, akili yake timamu kabisa, lakini mkono hautii.

Tangu hapo watafiti huwapa panya sumu hiyo ili kupima kama dondoo za mimea zaweza kuwakinga. Chai ya kijani, binzari manjano na upupu vyote vimejaribiwa, na seli nyingi zaidi zikasalimika. Habari njema, lakini uliza panya alianza lini kupewa dondoo. Mara nyingi ni kabla ya sumu. Kijana wetu anayejidunga kichochoroni huletwa kwa daktari sumu ikiwa imekwisha kupita.

Upupu una jambo lake pia. Sote tunaujua kwa vinyweleo vya maganda yake. Vikikugusa utajikuna hadi utoke machozi. Ndani ya ganda mna mbegu ngumu zinazong'aa, na ndani ya mbegu mna levodopa, ile ile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson hospitalini, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Mwaka 2004, London, wagonjwa 8 walipewa gramu 30 za mbegu zilizosagwa na kutayarishwa kitaalamu. Nafuu ilianza baada ya dakika 35 hivi, wakati vidonge vya levodopa vilichukua dakika 69.

Hiyo si kinga, ndugu msomaji. Ni kujaza pengo. Seli zilizokufa hazifufuki, na levodopa ina gharama yake hata ikitoka shambani. Kiasi chake hutofautiana mbegu kwa mbegu, hivyo kijiko cha leo si kijiko cha kesho. Anayemeza vidonge akaongeza upupu kwa siri anajizidishia dozi bila daktari wake kujua. Nawasihi wanaouguza wazee na vijana nyumbani wamwambie daktari kila kinachonywewa.

Wagonjwa wa Langston nao walipewa levodopa. Waliokuwa magogo wakasimama, wakazungumza. Haukupita muda mrefu, baadhi yao wakaanza kutupatupa viungo bila kutaka, na kuona vitu visivyokuwepo.

(Itaendelea)