Chombo Kipya Mbele ya Rubani

Fikiria ndege ndogo iendayo hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, mawingu yakiwa yameufunika Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya meta 3,400. Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, ndege hiyo hupita zaidi ya kilomita 3 kila dakika. Zamani rubani alitegemea dira, saa, ramani na macho yake: akiliona Ziwa Balangida, alijua mlima u jirani. Upepo wa ubavuni ulimsukuma kando bila kumwarifu.

Chombo cha GPS hupokea mawimbi ya redio kutoka setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200. Nne zatosha kumwonyesha mahali alipo, na kimo chake. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kutia kasoro kwa makusudi katika mawimbi yatumiwayo na raia, na usahihi ukaongezeka sana.

Lakini kukifunga si kama kufunga redio ya gari! Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, naye hana budi kuhakikisha kuwa nyaya mpya haziivurugi dira. Dira yenyewe haing'olewi. Umeme ukikatika angani, yenyewe haiuhitaji.