Programu mbili zikisubiriana milele, nani anazikwamua?

Programu ya kwanza imefunga faili la mauzo, sasa inataka la stoo. Ya pili imefunga la stoo, inataka la mauzo. Hakuna inayoachia. Bila mwamuzi, zitasubiriana hadi mtu azizime.

Kwenye Linux, mwamuzi ni kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kerneli hiyohiyo ndiyo inayoendesha simu za Android.

Kwa nini faili lifungwe?

Programu mbili zikiandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, data inavurugika. Ndiyo maana programu huomba kufuli kwa kerneli, kwa amri iitwayo fcntl. Ikikuta mwenzake kashafunga, inaweza kuomba isubiri zamu.

Mkwamo unagundulikaje?

Kabla ya kuiweka programu kwenye foleni, kerneli inauliza: huyo unayetaka kumsubiri, naye anamsubiri nani? Na huyo je? Inafuata mnyororo hatua kwa hatua. Ukirudi kwa mwombaji mwenyewe, basi ni duara.

Hapo kerneli inakataa ombi na kurudisha kosa liitwalo EDEADLK. Haizimi programu yoyote, wala hainyang'anyi kufuli. Iliyokataliwa ndiyo inayotakiwa kuachia ilichoshika, kisha ijaribu upya.

Ulinzi huu una mipaka

Kwanza, kerneli hufuata mnyororo kwa hatua kama 10 tu. Ukizidi hapo, inaacha kukagua na kuruhusu programu isubiri, hata kama mkwamo upo.

Pili, inaweza kuona mkwamo usiokuwepo. Kufuli la fcntl huandikwa kwa jina la programu nzima. Kama programu inafanya kazi kadhaa kwa pamoja, kazi moja inaweza kuwa inasubiri huku nyingine ikiendelea, na ingeachia kufuli muda si mrefu. Kerneli haizitofautishi.

Tatu, kufuli za amri ya flock hazikaguliwi kabisa. Vivyo hivyo kufuli za aina mpya zilizoingia na Linux 3.15 mwaka 2014.

Wanaotengeneza programu wafanyeje?

Dawa ni rahisi: kila programu ifunge mafaili kwa mpangilio uleule. Zote zikianza na la mauzo ndipo la stoo, duara halipati pa kuanzia.