Fundi wa Vioo Aliyeota Pepo

Wengi wetu tumemcheka Charlie Chaplin. Katika The Kid, sinema isiyo na sauti ya mwaka 1921, yeye ni fundi wa vioo. Mtoto aliyemwokota na kumlea huvunja madirisha kwa mawe, naye hupita nyuma kuyatengeneza apate riziki.

Mwishoni mtoto anachukuliwa usiku. Fundi anamtafuta, anachoka, analala mlangoni. Anaota mtaa wao wa kimaskini umekuwa pepo: maua tele, majirani wana mabawa. Lakini hata humo askari yumo, naye anamtungua kwa risasi. Askari wa kweli anamwamsha, anampeleka kwenye nyumba kubwa ya mama mzazi wa mtoto. Mlango unafunguliwa, anakaribishwa ndani, sinema imekwisha.

Tunafurahi naye. Ila mlango ule umefunguliwa kwa hisani, na hisani si haki. Jackie Coogan, aliyecheza mtoto yule, ilimbidi mwaka 1938 awashtaki mama yake na baba wa kambo kwa kutumia mapato yake ya utotoni. Mwaka 1939 ndipo jimbo la California, Marekani, lilipotunga sheria ya kuwawekea akiba watoto waigizaji. Kwa Coogan mwenyewe ilikuwa imechelewa.