Supu ya Vitunguu katika Sufuria ya Mvuke

Huenda mtashangaa kuona kwamba juma hili twaandika habari za supu, tena supu ya Kifaransa. Lakini mama yeyote wa Kipushi anayewasha mbabula yake jioni ajua kwamba habari za supu ni habari za makala, na habari za makala ni habari za fedha. Kila gunia linaloingia mjini ni miti ya miombo iliyokatwa, na mwaka hata mwaka wachomaji hawana budi kwenda mbali zaidi kuitafuta. Chungu cha maharagi chaweza kula moto muda wa saa mbili au tatu. Basi, ilipoingia nyumbani kwetu sufuria ya mvuke, ile ambayo Wafaransa huiita cocotte-minute, hatukuuliza kwanza kama chakula chake ni kitamu. Tuliuliza itatubakizia makala kiasi gani.

Kwa nini basi tulianza na supu ya vitunguu, wala si maharagi? Kwa sababu supu hii ndiyo mtihani mgumu. Msidhani kwamba ni chakula cha mabwana wakubwa tu. Huko Paris ilipata sifa katika soko kubwa la Les Halles, walikokesha wachukuzi wa mizigo, wachinjaji na wauza mboga, nao waliinywa alfajiri ili wapate joto. Soko lenyewe lilihamishiwa Rungis mwaka 1969, lakini supu ilibaki. Sisi wa Kipushi tunawaelewa watu wale pasipo kufafanuliwa. Mgodi wetu ulianza kazi mwaka 1924, ukasimama mwaka 1993, ukarudi kutoa zinki mwaka 2024. Na miaka yote ya kazi pamekuwa na baba arudiye kutoka zamu ya usiku huku watoto wanavaa nguo za shule. Mtu wa namna hiyo hahitaji maneno mengi. Ahitaji kitu cha moto katika bakuli.

Ugumu wa supu hii umo katika rangi yake. Kitunguu ni maji karibu sehemu tisa katika kumi. Maji hayo yakiwamo bado, kitunguu huchemka tu na kubaki cheupe. Yakiisha kutoka, moto hupanda, ndipo sukari na protini za kitunguu huungana na kugeuka rangi ya asali, kisha rangi ya kahawia, na harufu hubadilika kabisa. Mtaalamu Mfaransa, Louis-Camille Maillard, aliieleza kazi hiyo ya vyakula mwaka 1912, na mpaka leo yaitwa kwa jina lake. Katika sufuria ya wazi mpishi hukoroga saa nzima, pengine zaidi, na makala yanateketea.

Sufuria ya mvuke nayo ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Denis Papin, mganga Mfaransa aliyezaliwa karibu na Blois mwaka 1647, aliionyesha London mwaka 1679. Ilikuwa chungu kizito cha chuma chenye kifuniko cha kukaza. Na kwa kuwa aliogopa kisipasuke, Papin alikitilia kilango kidogo cha kutolea mvuke uliozidi. Mwaka 1682 aliwaandalia wataalamu wa London karamu iliyopikwa yote katika vyombo vyake, na mifupa ililainika kama jibini. Hata hivyo hakutajirika, alikufa maskini.

Siri yake wanafunzi wetu wataielewa upesi. Kadiri mtu apandavyo mlimani, hewa huwa nyepesi, na maji huchemka kabla ya kupata moto kamili. Kipushi iko juu ya bahari kwa mita 1,300 hivi. Kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye digrii 95 au 96, si 100. Ndiyo sababu moja ya maharagi yetu kuwa na kichwa kigumu. Lakini mvuke ukifungiwa, huyakandamiza maji yasichemke mapema, na katika sufuria imara joto hufika karibu digrii 118 hapa hapa kwetu.

Kabla ya kupika, neno moja la hadhari, nalo twalisema kwa kuwa tuliliona. Katika nyumba ya jirani sufuria ya namna hii, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika, ilijazwa maharagi karibu na ukingo. Ganda moja likaziba tundu la mvuke. Kifuniko kiliruka mpaka kwenye bati la paa, na maharagi ya moto yakamwagika ukutani. Mtoto aliyekuwa ameketi kando ya mbabula alikuwa ametumwa chumvi dakika ile ile. Basi, usijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharagi nusu tu. Kila mara tazama tundu kwenye mwanga, na mpira wa kifuniko kama haujakauka au kupasuka. Usiweke jiwe juu ya kilango, wala usishindane na kifuniko mpaka mvuke uishe wenyewe. Nasi wapikao kwa makala tuna shida yetu zaidi, kwa maana moto wa mbabula haupunguzwi kwa kuzungusha kifungo. Sufuria ikianza kupiga filimbi, ondoa baadhi ya makala kwa koleo, ubakize yatoshayo kuifanya inong'one.

Sasa tupike. Kwanza chemsha mifupa ya ng'ombe kwa saa moja katika sufuria hiyo hiyo, upate lita moja na nusu za mchuzi. Siku za kutokula nyama maji matupu yatafaa. Mimina mchuzi kando. Kata kilo moja na nusu ya vitunguu vipande vyembamba. Yeyusha siagi vijiko vitatu vikubwa, tia vitunguu, chumvi kidogo, na robo ya kijiko cha chai ya bikaboneti ya kupikia. Usizidishe, maana ikizidi huleta ladha ya sabuni. Bikaboneti ndiyo inayoharakisha ile rangi. Usitie maji hata tone, ila koroga kwanza mpaka vitunguu vianze kutoa maji yao wenyewe, ndipo ufunge. Hapo tulikosea mara ya kwanza: tulifunga kwa haraka, vitunguu vya chini vikaungua.

Baada ya dakika ishirini za mvuke, epua, ngoja, fungua. Utaona vitunguu laini vikiogelea katika maji ya manjano, na pengine utavunjika moyo. Rudisha motoni bila kifuniko, ongeza makala, koroga dakika kumi na tano au ishirini mpaka maji yakauke na rangi iwe ya chai nzito. Tia kijiko cha unga wa ngano, kisha mchuzi, funga tena dakika kumi.

Mkate wa jana ndio bora. Ukaushe juu ya makala, uweke jibini juu yake katika sufuria ya bati isiyo na kina, funika, na upange makala mekundu juu ya kifuniko. Jibini ni ghali, twakiri. Kipande chembamba kwa kila mtu chatosha.

Wako wapishi wasemao kwamba supu ya sufuria ya wazi ina ladha ya ndani zaidi. Baada ya kujaribu zote mbili, twaona wana haki, ila kwa kiasi kidogo tu. Kwa sikukuu tungekoroga saa nzima. Kwa siku ya kazi, la. Mbabula iliyojazwa mara moja ilitufikisha mpaka supu, na makala yaliyobaki yalichemsha maji ya bukari. Nayo yalihitajika, kwani baba mkwe wetu alimaliza bakuli lake, akafuta ndevu, akatazama huku na huku, kisha akauliza, "Sasa, bukari iko wapi?"