Kabla Hujalipa Depoziti: Gari Gani Halitakumaliza kwa Gereji?

Una pesa ya kununua gari. Sawa. Je, una pesa ya kukaa nalo?

Nauliza kwa sababu ya mjomba wangu anayeishi Nakuru. Mwaka juzi alichukua mkopo wa sacco akanunua gari kutoka Ulaya, viti vya ngozi, injini ya turbo, bei ya chini kuliko ile ya gari la Kijapani alilokuwa ameonyeshwa wiki hiyo hiyo. Sote tulimpongeza. Mwezi wa tano, giaboksi ikaanza kushtuka kila akibadilisha gia, kisha siku moja gari likakataa kabisa kurudi nyuma. Mafundi wawili wa mtaani walilifungua na kulifunga bila kujua shida iko wapi. Ikabidi livutwe hadi Nairobi. Huko akaambiwa kompyuta ya giaboksi imekufa na ya kubadilisha haiko dukani.

Gari lilikaa gereji miezi minne. Sacco iliendelea kukata pesa yake kila tarehe tano.

Makala haya hayakuambii ununue gari gani. Yanakuonyesha jinsi ya kulinganisha magari ukiangalia mambo mawili ambayo muuzaji hatakutajia: gari huharibika vipi, na likiharibika, kulitengeneza hapa kwetu ni pesa ngapi.

Kwa nini orodha za "magari bora" hazitoshi

Ukitafuta mtandaoni utakutana na orodha za magari yasiyosumbua. Nyingi zinatoka Marekani. Utafiti wa J.D. Power, kwa mfano, huhesabu matatizo kwa kila magari 100 yenye umri wa miaka mitatu. Sasa jiulize: ni wangapi kati yetu wananunua gari la miaka mitatu?

Magari mengi tunayonunua Kenya yametumika Japani kwanza. Sheria inaruhusu gari lililotumika liingie nchini kama halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na wengi hununua lile linalokaribia mwisho wa muda huo kwa sababu bei yake ni nafuu. Ukilinunua kwa mkono wa pili hapa nchini, huenda lina miaka 12 au 15. Kwa umri huo, jina lililo mbele ya boneti halikuambii mengi. Uliza injini ni ipi, giaboksi ni ya aina gani, na nani aliyekuwa akilihudumia.

Tuangalie chapa zinazojulikana zaidi barabarani

Toyota. Sababu kubwa ya watu kuipenda ni kwamba spea zake hazitafutwi mbali. Injini ya 1NZ-FE ya sisi 1500 ilitumika kwa miaka mingi kwenye Probox, Fielder, Axio na nyingine kadhaa. Maana yake ni kwamba duka la spea likiweka kifaa kimoja, linauzia wateja wa magari mengi, na fundi wa Kisii au Garissa ameshaifungua injini hiyo mara nyingi. Pia inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, kwa hivyo huna ile gharama ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita fulani. Ubaya ni bei: kwa sababu kila mtu anaitaka, utalipa zaidi siku ya kununua. Lakini ukiuza, sehemu nzuri ya pesa hiyo inarudi.

Nissan. Note, AD na X-Trail mara nyingi huwa na bei nafuu kuliko Toyota za ukubwa huo huo. Kitu cha kuchunga ni giaboksi ya CVT, ile isiyo na hatua za gia bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Nchini Marekani, Nissan yenyewe iliongeza muda wa waranti ya CVT kwa baadhi ya modeli zake baada ya malalamiko. CVT inataka mafuta yake maalum, na ukimwaga mafuta ya giaboksi ya kawaida unaiua polepole. Usidhani ni Nissan pekee: Fielder za kuanzia 2012 pia nyingi zina CVT. Kwa hivyo swali la mafuta ya giaboksi ni la kila mtu.

Mazda. Demio na Axela nyingi za kizazi cha Skyactiv zina giaboksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia sita, jambo linalowapa mafundi wengi amani. Angalia tu kama ni ya dizeli. Injini hizo zina chujio la masizi kwenye ekzosi, na chujio hilo hujisafisha gari likikimbia mwendo mrefu. Kama safari zako ni za kutoka nyumbani hadi stejini na kurudi, masizi yatajaa na taa zitawaka kwenye dashibodi. Chukua ya petroli.

Honda. Fit inasifika kwa nafasi na kubana mafuta. Lakini Fit haibridi iliyotoka 2013 ilirudishwa kwa kampuni mara kadhaa huko Japani, zaidi kwa sababu ya programu inayoendesha giaboksi yake. Ukipenda modeli hiyo, chukua namba ya chesisi uiweke kwenye tovuti ya Honda ya Japani uone kama marekebisho yalifanywa. Ni bure. Toyota nao wana ukurasa kama huo.

Subaru. Tujuane hapa, mashabiki wa Subaru. Gari ni tamu na linashika barabara kwa sababu magurudumu yote manne yanasukuma. Hiyo raha ina gharama yake. Injini za zamani za EJ hutumia mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa wakati, na zile za sisi 2500 zilijulikana kwa kuvuja kwenye gasketi ya hedi. Hata plagi ni kazi kuzifikia kwa jinsi injini ilivyolala. Tairi nazo: ukipata pancha mbaya usiweke tairi moja mpya na tatu zilizoisha, kwa sababu tofauti ya kimo inaumiza mfumo wa kusukuma magurudumu manne. Bajeti ya tairi ni ya nne kwa pamoja.

Magari ya Ulaya. Si mabaya. Mengi ni salama na imara kuliko tunavyoyapa sifa. Shida ni kwamba yanataka fundi mwenye kompyuta ya kuyasoma na spea sahihi, na hivyo viwili havipo kila mji. Mfano unaojulikana ni giaboksi ya DSG ya gia saba ya Volkswagen: mwaka 2013 kampuni hiyo ilirudisha zaidi ya magari 384,000 nchini Uchina kwa sababu ya hitilafu za DSG. Ukilipata lililohudumiwa vizuri na uko karibu na fundi anayelijua, utafurahia. Ukiwa mbali naye, fikiria mara mbili.

Hesabu ya miaka mitatu

Sasa tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Weka zako baada ya kuongea na fundi. Tumeacha petroli na bima nje.

*Gari A:* unanunua Sh1,000,000. Sevisi nne kwa mwaka, Sh9,000 kila moja, ni Sh36,000. Matengenezo mengine Sh40,000. Jumla Sh76,000 kwa mwaka, au Sh228,000 kwa miaka mitatu. Unaliuza Sh800,000, kwa hivyo umepoteza Sh200,000 kwenye bei. Gharama yote: Sh428,000.

*Gari B:* unanunua Sh850,000. Sevisi nne za Sh14,000 ni Sh56,000. Matengenezo Sh110,000. Jumla Sh166,000 kwa mwaka, au Sh498,000 kwa miaka mitatu. Wanunuzi wanaliogopa, kwa hivyo unaliuza Sh550,000 na kupoteza Sh300,000. Gharama yote: Sh798,000.

Gari lililokuwa "bei rahisi" kwa Sh150,000 limekugharimu Sh370,000 zaidi. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na hawakuwa wameona giaboksi.

Piga simu tatu kabla ya kulipa

1. Mpigie fundi wa mtaa wako, si wa Nairobi kama huishi Nairobi. Muulize: "Modeli hii, mwaka huu, umeshatengeneza ngapi? Huwa zinaletwa na shida gani?" Akisita, umepata jibu.
2. Pigia maduka mawili ya spea. Wale wa Kirinyaga Road, ambako wengi bado tunaita Grogan, watakupa bei kwa simu. Uliza vitu vitano: brek pedi, shokabsoba za mbele, taa ya mbele, pampu ya maji na giaboksi iliyotumika. Andika bei ya kila modeli unayolinganisha. Tofauti utaiona hapo hapo.
3. Pigia aliye na gari kama hilo kwa zaidi ya miaka miwili. Aliyelinunua mwezi jana bado yuko fungate. Na hata kama lake halijawahi kumsumbua, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi: fanya ukaguzi wa gari lako wewe.

Kama gari liko nchini tayari, tafuta rekodi zake kwa NTSA kupitia eCitizen uone mwenyewe ni nani kabla hujatuma chochote.

Simu yako iwe gereji ya kwanza

Rudi kwenye ile hesabu. Gari A linataka Sh76,000 kwa mwaka, ambayo ni kama Sh210 kwa siku. Gari B ni kama Sh460 kwa siku. Chagua kiasi hicho, kiweke kwenye akiba ya simu kila jioni, na usikiguse hadi siku ya gereji. Kama huwezi kuweka Sh460 kwa siku hata kabla ya kununua, gari B si lako kwa sasa. Jaribu miezi mitatu kwanza. Jaribio hilo halikugharimu kitu, na pesa inabaki kuwa yako.

Ukianza kulipia spea, lipa kwa namba ya till ya duka. Utaona jina la biashara kabla ya kuthibitisha, na ujumbe utakaobaki kwenye simu ni risiti. Ukizihifadhi jumbe hizo mwaka mzima una historia ya sevisi, na siku ya kuuza gari mnunuzi ataziheshimu kuliko maneno.

Hili la jina nalisisitiza. Mjomba, katika ile hangaika ya kutafuta giaboksi, alipata muuzaji mtandaoni. Akaombwa depoziti ya Sh40,000 kwa namba ya mtu binafsi. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la muuzaji wala la duka. Alidhani ni la karani. Kesho yake namba ilikuwa imezimwa, na giaboksi haikufika hadi leo. Jina lisipolingana, usibonyeze. Piga simu, uliza, na ukishuku acha. Ukishatuma kimakosa, wasiliana na huduma kwa wateja papo hapo, si baada ya siku mbili.

Siku hizi mjomba anaendesha Probox ya fedha yenye mkwaruzo mlangoni. Anabeba mayai nayo kutoka Njoro, na kila Jumapili jioni anaweka Sh1,500 kwenye akiba ya gari. Mwezi uliopita alibadilisha shokabsoba za mbele. Asubuhi alipeleka gari, saa nane mchana alikuwa barabarani, na hakukopa mtu.